Kibali cha Jua

Nirushe?
Rusha, tudake!
Ikidondoka?
Tutaokota!

Palikuwa na Kifaru, na Kifaru alikuwa na tanuri la mkaa. Kata miti, choma mkaa. Kata miti, choma mkaa. Chemchemi ikapungua: to... to... to. Wanyama walipolalamika, Kifaru akaunda Tume ya Joto la Nchi. Mwenyekiti? Yeye. Katibu? Yeye. Mjumbe? Mkewe.

Bi Pimbi, mama wa watoto wanne waliokuwa wakinywa maji ya chemchemi ile, akanusa hewa. "Mlinzi wa msitu huyu, mbona ananuka moshi?"

Tume ikatoa sera. Moto wa vijiti, marufuku. Tanuri kubwa, ruksa. Joto lote kwa kibali, na mwenye joto sharti alizime likidhuru nchi. Kwa kifungu hicho Kifaru akaingia jiko kwa jiko, pu! pu! pu! akikanyaga mafiga ya wadogo.

Bi Pimbi akakisoma kifungu mara tatu, kisha akaenda ofisini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unataka nini, kifupi wewe?"

"Kibali cha jua. Mimi huota jua, pale mwambani."

"Jua la nani?"

"Hapo ndipo nilipokwama, mkubwa wangu. Tembo anasema ni lake."

"Tembo? Tembo ana nini! Andika: jua ni langu."

"Na upepo wa joto?"

"Wangu!"

"Na joto lolote la nchi hii?"

"Langu, nimeshasema! Lete muhuri!" Pwaa!

Asubuhi yake wanyama wote walikuwa mlangoni, Bi Pimbi mbele na karatasi yake.

"Mzee, joto lako limekausha chemchemi. Lizime."

"Jua? Nilizimeje?"

"Basi anza na lile unalolifikia."

Kifaru akautazama muhuri: wake. Akawatazama Tembo na Nyati: hawacheki. Akalipanda tanuri lake mwenyewe, pu! pu! pu! mpaka likazimika, nyayo zikifuka moshi.

Chemchemi ikaanza kutiririka tena, watoto wanne wakanywa. Wanyama wakapiga vigelegele. Bi Pimbi hakupiga. Alikuwa bado ananusa.

Na kweli, wiki haikuisha, Kifaru akatangaza Tume ya Upepo. Bi Pimbi akawa wa kwanza kuomba ukatibu.

Funzo? Wadogo, sheria za nishati waachieni wakubwa, msizisome hata kidogo. Mimi nilisoma moja, nikapata usingizi mtamu ajabu.

Ngano nimeitua, mwenye mabega aibebe.