Mtoto wa Atuganile na Mshale Usiopiga Hodi

Kaeni vizuri, msibanane mbele kama mnagombea ukoko. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wakibishana hadi majumbani kwao. Mke na mume mmoja walinuniana siku tatu. Kwa hiyo aliyekuja na mwenzake asiseme sikumwonya.

Kulikuwa na hospitali ndogo huko milimani, nchi ya baridi na viazi, ambako mvua ikinyesha siku mbili barabara inageuka uji. Hospitalini hapo walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Tusekile, mtunza mafaili. Huyu ana jicho. Ukisogeza kiti chake kwa upana wa kidole, anajua kimesogezwa, na mara nyingi anajua na aliyekisogeza.

Wa pili ni Lwitiko wa maabara, aliyepewa pia kompyuta aiangalie kwa sababu tu aliwahi kuisomea miezi sita. Yeye ana subira ya kusoma. Yale maelezo marefu ambayo mimi na wewe tunabonyeza "nimekubali" bila kuyatazama, Lwitiko huyasoma hadi nukta ya mwisho.

Wa tatu ni Sista Anyosisye, muuguzi mkuu. Huyu ana neno. Akisema, limesemwa. Kuna mheshimiwa mmoja aliwahi kuegesha gari mlangoni pa wodi. Alilihamisha mwenyewe, tena akaomba radhi.

Sasa, hospitali hiyo ilikuwa na kompyuta moja kubwa, yenye mafaili ya wagonjwa wote, na mashine ya ultrasaundi imeunganishwa hapo hapo. Aliyeifunga ni Mzee Mwaisumo, fundi kutoka mjini, na aliifunga bure, kwa moyo wake. Kwa kuwa barabara ni ile ya uji, aliacha ndani ya kompyuta huduma tatu za kumwezesha kuingia akiwa kwake na kurekebisha mambo. Huduma hizo huzioni kwenye kioo. Kompyuta ikiwaka nazo zinaamka, zinakaa chinichini zikimsubiri mtu wa mbali. Daktari Kapesa wa hospitali kubwa ya mjini naye alikuwa na ya kwake, ya kutazamia picha za wajawazito.

Watu wa kule wana adabu zao. Hawakukubali mtu aingie kimyakimya, hata kama anaingilia kwenye waya. Wakaweka utaratibu: anayetaka kuingia apige simu kwanza aseme hodi, Tusekile amjibu karibu. Akimaliza apige tena, aage. Akishaaga, roho zao zinatulia, wanaamini ametoka na mlango umefungwa.

Hapo ndipo walipokosea. Kuaga kulikuwa kwa simu tu. Huduma kule ndani hazikusikia kwaheri ya mtu yeyote. Zilibaki wazi siku zote, na yeyote mwenye kubahatisha neno la siri angeweza kupita.

Lwitiko aligundua, kwa ule usomaji wake. Akaandika kwenye daftari, huduma moja moja: hii kazi yake nini, inamfaa nani, ikizimwa kitasimama nini. Akampelekea Sista.

"Sista, hizi tatu za fundi tuzizime. Siku akizihitaji atapiga simu, tutawasha."

"Mzee Mwaisumo unamjua?"

"Namjua."

"Ametufungia mashine hii kwa mikono yake, bila kudai hata asante. Leo sisi ndio tumzibie njia? Tutamtazamaje usoni?"

"Heri nusu shari, Sista, kuliko shari kamili."

"Nimesema ziache zilivyo, na usiziguse."

Lwitiko akaziacha. Mwezi mzima ukapita.

Alhamisi moja, saa nane mchana, mvua ikiwa ya siku ya tatu, akaletwa Atuganile. Uchungu umeshamkolea. Mama huyu alikuwa amezika watoto wawili, na wote wawili walizaliwa na kufa njiani, ndani ya gari, akikimbizwa mjini. Alipofika alimshika Sista mkono akasema, "Gari sipandi tena. Naogopa, Sista. Naogopa kweli."

Mtoto alikuwa ametanguliza matako. Daktari Kapesa akapiga hodi, akakaribishwa, akaanza kuzitazama picha akiwa kule mjini, ili aamue: mama azalie hapo au apandishwe gari.

Tusekile akiwa mezani kwake, akaona mshale kwenye kioo unatembea. Daktari akiwamo ndani mshale hutembea, hilo si la ajabu. Lakini huu ulikwenda moja kwa moja kwenye mafaili ya wagonjwa, na majina ya mafaili yakaanza kugeuka herufi zisizosomeka, moja baada ya jingine. Akapiga simu.

"Daktari, huu mshale ni wewe?"

"Mimi natazama picha tu, sijagusa kitu."

Akampigia fundi. "Shikamoo, mzee. Umeingia ndani?"

"Marahaba. Ndani ya nini, mwanangu? Niko shambani nachimba viazi."

Tusekile hakungoja kuambiwa mara mbili. Akaushika waya wa intaneti, akamwita Lwitiko. "Kuna mtu humu hakupiga hodi, na anatuharibia mafaili. Nachomoa."

"Usichomoe. Ukichomoa, daktari naye anapotea na picha zake. Nipe dakika mbili, najua kapitia wapi."

Alijua kweli, daftari analo. Lakini na katazo analo. Akakimbia hadi mlangoni pa chumba cha kuzalishia.

"Sista, mwizi kaingia kwenye kompyuta. Nikizima zile tatu za fundi, anatoka. Nikikosea nikazima isiyo yake, daktari ndiye anayetoka."

Sista Anyosisye amevaa glavu, jasho linamtiririka, na nyuma yake Atuganile analia akiuliza kama gari limeitwa.

"Zima," akasema. "Mzee Mwaisumo nitamjibu mimi. Na daktari akipotea, mtoto huyu nitamtoa kwa mikono hii hii, na lawama nitaibeba peke yangu."

Lwitiko akarudi mbio. Akazima ya kwanza, mshale unatembea. Akazima ya pili, bado unatembea. Akazima ya tatu, ukasimama. Yeye na Tusekile wakaangalia pembeni mwa kioo. Picha ya mtoto ilikuwa bado ipo, na kwenye simu Daktari Kapesa akawa anasema nafasi ya mtoto kupita inatosha, mama azalie hapo hapo. Haikufika nusu saa, akazaliwa mtoto wa kike, mzima, analia kwa hasira.

Mafaili arobaini na moja yaliharibika siku ile. Sista akaamuru kuanzia hapo huduma yoyote ya kuingilia kwa mbali, hata ya daktari, iwashwe mtu akipiga hodi na izimwe akiaga, azime mtu kwa mkono wake. Mzee Mwaisumo alipoelezwa akajibu, "Mbona mlichelewa?" Hakukasirika hata kidogo.

Mngedhani kisa kimeisha. Kumbe ndipo mtihani unapoanza.

Kwa desturi yao, mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemponya. Mwenye jina anakuwa somo wake, anamsimamia katika mema na mabaya hadi siku ya kuolewa. Majina ya kule hayabagui mwanamke na mwanamume, kwa hiyo hata Lwitiko yumo. Watu wakamshauri Atuganile ampe yote matatu, yaishe.

"Hapana," akasema. "Wawili nimewazika bila majina. Huyu ataitwa jina moja, nikimwita nijue nimemwita nani."

Kesho yake akawaita wale watatu kitandani kwake.

Tusekile akasema, "Nisingeona mimi, huyu Lwitiko angezima nini? Angekuwa maabara na darubini yake."

Lwitiko akasema, "Dada Tuse, wewe ungechomoa waya. Daktari angepotea, na mama huyu angekuwa ndani ya gari."

Sista akasema, "Daftari lako, Lwitiko, lilikaa mwezi mzima na halikuzima kitu. Lilingoja neno."

Atuganile akawasikiliza mpaka mwisho, mtoto kamlaza kifuani. Kisha akauliza taratibu, "Na kabla ya jana, nani alijua kwamba njia iko wazi?"

Wa kwanza kusema alikuwa Lwitiko. "Mimi nilijua. Nilikatazwa, lakini vidole vilikuwa vyangu."

"Aliyemkataza ni mimi," Sista akasema. "Nilimwonea haya fundi kuliko nilivyowaonea huruma wagonjwa."

Tusekile hakuinua macho. "Jumanne niliuona mshale ukitembea bila hodi. Nikadhani Mzee Mwaisumo kasahau. Nikaona aibu kumuuliza mtu mzima kama kasahau adabu."

Atuganile akalia kidogo, akajifuta kwa upande wa kanga. "Ahsanteni kwa kutonificha," akasema.

Karani ameshaleta fomu ya kuandikisha mtoto. Jina la mama limejazwa, la baba limejazwa. Yuko mwenye jicho, aliyeona Alhamisi akasema, na ndiye aliyeona Jumanne akanyamaza. Yuko mwenye maarifa, aliyemtoa mwizi bila kumtoa daktari, na ndiye aliyeyakalia maarifa hayo mwezi mzima. Na yuko mwenye neno, ambaye neno lake moja liliacha njia wazi na neno lake la pili likaiziba. Atuganile ameshika kalamu, karani anasubiri, na mtoto amefumbua macho anamtazama mama yake. Wewe ungekuwa Atuganile, mwanao ungemwitaje?