Zimwi Aliyenenepa kwa Bi Mize

Sogeeni, wenzangu, hadithi imeshafika mlangoni.

Palikuwa na mjane, Bi Mize, asiyetupa kitu. Vyungu vibovu na makapu yaliyotoboka alivirundika, hata zimwi akaingia akalala juu ya rundo hilo. Kila kikiongezwa kitu, zimwi alinenepa.

Siku moja binti yake, Time, akamtumia salamu: "Mama, mimba imekomaa. Nakuja kujifungua kwako."

Bi Mize akaitazama nyumba nzima, akaketi akalia.

Zimwi akacheka. "Utaanzia wapi, bibi?"

"Pale atakapolala mtoto," akajibu, akainuka.

Akasafisha upana wa mkeka mmoja tu. Zimwi akapungua, akawa kama ng'ombe. Akasafisha upana wa mkeka wa pili, majirani wakachukua vilivyowafaa. Zimwi akawa kama mbuzi. Wa tatu ulijaa nguo za marehemu mumewe. Akabakisha kofia moja, zilizobaki akagawa huku akiimba. Zimwi akawa kama panya.

"Nami nikae wapi?" akauliza kwa sauti nyembamba.

"Nje," akasema Bi Mize, akamfagia.

Jioni Time akafika. Alfajiri kichanga kikalia, vigelegele vikajaa nyumba. Nami nilikunywa uji wa mzazi, ukanikolea, ndipo nikaja kuwasimulia.