Bibi Kanga na Mtihani wa Mguu Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolazimishwa. Haya, sogeeni motoni. Paukwa!

Pakawa!

Naam. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, na wajinga wakiwa wengi kama leo, palikuwa na bwawa katikati ya mbuga. Kiangazi kikapiga, maji yakapungua, ndege wakaanza kugombania zamu. Nani anywe asubuhi, maji yangali safi? Nani angoje jioni, nyati wakishayavuruga kwa kwato zao? Wakamwendea Korongo awaamulie. Kwa nini Korongo? Kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa msemaji. Sijui nani aliwadanganya viumbe kwamba kila anyamazaye ana la kusema.

Korongo akatamka, "Asubuhi watakunywa wenye akili. Na mwenye akili mtamjua kwa utulivu wake. Atasimama kwa mguu mmoja bila kutikisika, na atafumbua kitendawili. Akishindwa, atatoa mji kama ilivyo desturi, na mji wake ni zamu yake ya asubuhi hiyo. Akishindwa mara nne, ameikosa milele."

Mguu mmoja, jamani. Korongo husimama kwa mguu mmoja hata akisinzia. Alikuwa keshaufaulu mtihani kabla hajautunga, na ndege wakamshangilia. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye aliwapima wote kwa upara wake.

Basi palikuwa na Bibi Kanga, mama wa vifaranga tele. Maji ya tope yalikuwa yamewaharisha wanawe mpaka shingo zimelegea, na kitinda mimba wake, Chiku, alikuwa akisimama kwa kuyumba. Kanga alijua asipopata maji safi atamzika. Akaenda kwenye mtihani roho mkononi.

"Simama mguu mmoja, tulia tuli, utujibu," akasema Korongo. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

Anaulizwa Kanga hilo, aliyetaga na kuatamia maisha yake yote. Lakini aliona macho ya wazee yamemkazia, akamkumbuka Chiku, moyo ukamwenda mbio, mate yakamkauka, mguu ukatetemeka. Jibu alilolilalia majuzi tu likamtoka kichwani.

"Toa mji," akasema Korongo.

Akatoa. Alipofika nyuma ya kichuguu, moyo ulipotulia, likamjia: yai. Akalia kwa hasira.

Kesho yake akarudi. "Simama mguu mmoja, tulia tuli, utujibu. Popoo mbili zavuka mto." Moyo ukaenda mbio, mate yakakauka, mguu ukatetemeka. Toa mji. Nyuma ya kichuguu akakumbuka: macho.

Kesho kutwa akarudi tena. "Simama mguu mmoja, tulia tuli, utujibu. Kila niendapo ananifuata." Moyo, mate, mguu. Toa mji. Na kivuli chake mwenyewe kikamsindikiza mpaka kichuguuni.

"Huyu hana akili, ana woga," akasema Bata, chawa wa Korongo. "Woga ni wa wapumbavu."

Kanga akaona haya, akayaamini maneno ya Bata. Hapo ndipo mimi namkasirikia. Alirudi nyumbani akawakalisha wanawe waliozoea kuruka hata jani likianguka, akawaambia, "Mkiogopa, msionyeshe. Simama mguu mmoja, tulia tuli. Mkitulia, nami nitatulia nifaulu, tutakunywa." Watoto wanampenda mama yao. Walijifunza.

Wakaenda wote alfajiri kwa mtihani wa mwisho. Wenye akili walikuwa wamesimama majini, kila mmoja na mguu wake. Kanga akainua wa kwake. Korongo hajamaliza kutega, manyasi yakagawanyika, na Chatu akateleza kutoka humo taratibu.

Manyoya ya Kanga yalisimama kabla kichwa hakijajua kwa nini. Akawatazama wanawe. Walikuwa wamekwisha kumwona Chatu. Walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, tuli, kama alivyowafundisha, wakimtazama yeye kwa macho ya kumwomba. Kanga alijua akipiga kelele mtihani umekwisha na maji ameyakosa milele.

Akapiga kelele. Ukelele ule uliwafika vifaranga miguuni kabla ya masikioni. Wakatawanyika hadi vichakani, Chiku akiwa mdomoni mwa mama yake.

"Bibi Kanga," akasema Korongo bila kugeuka, "umeshindwa. Toa mji."

Chatu akamchukua Korongo akiwa bado na mguu mmoja juu.

Kanga hakungoja mazishi. Akawapeleka wanawe kwenye mto uliokauka, akachakura mchanga kwa miguu yote miwili, huku akitetemeka na kulia, akichimba na kulia, mpaka maji yakachuruzika. Chiku akanywa. Baada ya muda akadai mengine, na kwa kelele.

Na wale wenye akili? Walifanya mkutano. "Marehemu amekufa ametulia," akasema Bata kwa fahari. Kisha wakatafuta hakimu mpya, aliye mtulivu kuliko wote. Chatu alikuwa amelala palepale, ameshiba, hatikisiki hata ukope.

"Lakini hana mguu," akasema ndege mmoja, Kwarara.

Wakalijadili suala la mguu mpaka jua likawa utosini, wakaona si kikwazo. Wakamtegea kitendawili. Hakujibu, wakasema hiyo ndiyo hekima yenyewe, wakamkabidhi bwawa.

Tangu hapo kila asubuhi walipanga mstari mbele yake, tuli, bila woga. Mstari ulipozidi kupungua, Bata aliwaeleza waliobaki kwamba nafasi ya wenye akili inaongezeka.

Ngano yangu inakomea hapo. Ikiwa tamu, laleni nayo. Ikiwa chungu, basi imempata mwenyewe.