Wali Usio na Chumvi

Ilikuwa siku ya Alhamisi, saa moja kasoro robo asubuhi, katika mji wa Istanbul, kule Uturuki. Mama mmoja alifungua mlango wa nyumba waliyopanga kwa likizo, akakuta bakuli sakafuni.

Wapendwa, niwaeleze kwanza mama huyu alifikaje huko. Alikuwa mke wa mzee mmoja mstaafu wa reli. Binti yao, Tumsifu, alipopata kazi nzuri alisema, "Wazazi wangu hawajawahi kusafiri bila msiba wala harusi. Nitawapeleka mahali wakatembee tu." Akapanga kila kitu: siku ya msikiti mkubwa, siku ya soko la zamani, na siku ya mwisho, Alhamisi hiyo, jumba la masultani. Hilo ndilo hasa alilotaka mama yake alione. Tiketi alishanunua.

Lakini mama hakuwa na raha. Haikuwa baridi, haikuwa chakula. Ilikuwa watu.

Mama huyu aliishi ujana wake katika kota za reli, na baadhi yenu hapa mmekulia kwenye kota kama zile. Ukuta mmoja, familia mbili. Kwa harufu tu unajua jirani leo amekaanga nini. Jioni mtoto anatumwa: "Mpelekee mama wa mlango wa pili, mwambie ni kidogo tu, aonje." Na bakuli lile la bati lenye maua ya bluu likifika kwako, hulirudishi tupu. Unatia maharage, unatia ndizi, ukikosa kabisa unatia hata ndimu. Likaenda na kurudi mpaka hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nani. Mnalikumbuka bakuli lile?

Sasa huku Istanbul mama alisalimia watu ngazini, wakamjibu kwa kichwa na kupita. Binti akampa simu inayotafsiri. Mama akairudisha.

"Mwanangu, nikimsalimu mtu nataka anitazame mimi, asitazame simu. Tangu tufike nimeongea na nyie tu, na nyie nimewachoka. Nirudishe nyumbani."

Tumsifu alikwenda kulia bafuni, akafungulia maji ili asisikike.

Ndipo asubuhi hiyo ya Alhamisi likaja bakuli. Wali mweupe, vipande vya samaki juu yake, mvuke unapanda. Ghorofa ile ilikuwa na milango miwili tu, wa kwao na wa jirani. Mama akaliinua kwa mikono miwili.

"Baba Tumsifu! Njoo uone! Jirani ametuletea chakula!"

Mzee akaonja. "Hauna chumvi."

"Wewe kula. Labda ana presha kama wewe."

Wakala wakamaliza, mlango wameuacha wazi kwa furaha. Paka mmoja mnene alikaa ngazini akimkazia macho mzee tangu tonge la kwanza hadi la mwisho.

"Huyu naye vipi?" mzee akasema. "Ananitazama kama nimemdhulumu urithi."

Tumsifu akatoka chumbani, tiketi mkononi. "Mama, vaa viatu, tunachelewa."

"Siendi. Nitamrudishiaje mtu bakuli tupu, na kesho alfajiri tunaondoka? Nipeleke dukani, nataka unga."

"Mama! Jumba la masultani!"

"Masultani walishakufa, mwanangu. Jirani yuko hai."

Wakaenda dukani. Mama alikanda hewa juu ya kaunta, akatunisha mashavu kuonyesha hamira. Mwenye duka alicheka hadi akamwita mkewe aje aone, lakini hamira ilipatikana. Alasiri maandazi yakaiva. Mama akayapanga ndani ya bakuli, akayafunika kwa kitambaa cheupe alichokuwa akikifuma tangu kwenye ndege, akaenda na binti yake kugonga mlango wa pili.

Akafungua bibi mmoja mfupi, mwenye sweta la kijivu. Nyuma yake, kando ya ukuta, mabakuli yalikuwa yamepangwa mstari, yote ya aina ile ile. Na kwenye kila bakuli kulikuwa na paka anakula. Yule mnene wa ngazini alikuwa wa kwanza.

Tumsifu akaelewa yote mara moja. Akamvuta mama yake mkono. "Mama, tuondoke."

"Subiri, sijasalimu. Shikamoo, dada! Sisi ndio wageni wa hapo. Wali wako ulikuwa mtamu kweli. Ila mwenzangu, chumvi!" Akasugua vidole juu ya bakuli kama anayenyunyiza, akatikisa kichwa kwa kusikitika.

Bibi akalitazama bakuli. Akawatazama paka. Akamtazama mama.

Tumsifu akaomba kimoyomoyo: asicheke. Kicheko kimoja tu, na mama yake angejua kwamba katika mji ule mzima hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amemfikiria.

Bibi hakucheka. Aliweka mkono kifuani, akapokea bakuli, akafunua kitambaa, akauma andazi palepale mlangoni. Kisha akamshika mama mkono, akamwingiza ndani. Alasiri yote kila mmoja aliongea lugha yake, na hakuna aliyeitisha simu. Tumsifu aliketi upande wa pili wa ukuta na tiketi zake, akawasikia wanacheka. Ukuta mmoja, familia mbili.

Sasa niwaulize. Mama yule alikosea? Alikosea sana. Alikula chakula cha paka, akakishukuru kama zawadi. Lakini sisi je? Sisi leo tumeamka tukakuta bakuli mlangoni, na hili halikuwekwa kwa ajili ya mwingine: pumzi, chai ya moto, mtu wa kutuita kwa jina. Ni letu. Tumekula. Kulalamikia chumvi, hilo hatukusahau. Bakuli liko wapi? Yeye alishukuru kwa kitu ambacho hakupewa; sisi tuliopewa tumeliacha kwenye sinki.

Na tusiseme hatujui pa kulirudisha. Mungu hali maandazi. Mlango wa kugonga uko ng'ambo ya ukuta wetu, na aliye nyuma yake anaongea lugha yetu. Sisi tuliotoka kota tukahamia kwenye nyumba za mageti, tunalijua jina lake?

Nimalizie na asubuhi iliyofuata. Teksi ilikuwa bado haijafika. Mama alifungua mlango. Sakafuni palikuwa na bakuli la wali, na yule paka mnene alikuwa anakula bila wasiwasi. Kando yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda bakuli jingine, limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Mama akalitazama la sakafuni. Akalitazama la kwenye kigoda. Akamtazama paka.

Kisha akaketi ngazini karibu na paka, akafunua, akaonja.

"Tumsifu," akaita, "acha mizigo, njoo ule. Ametia chumvi."