Muhanga na Tovuti ya Kushonewa

Paukwa!

Pakawa!

Walioketi nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi zamani, si zile za kale sana, maana simu zilikwisha kufika nyikani, palikuwa na Muhanga. Nasema Muhanga. Msimwite nguruwe kwa sababu ya pua yake, wala sungura kwa sababu ya masikio yake. Muhanga ni Muhanga. Kazi yake ilikuwa kuchimba mashimo.

Kwaru, kwaru, kwaru! Akamchimbia Bweha. Kwaru, kwaru, kwaru! Akamchimbia Chatu. Wala hakulipwa fedha. Aliyechimbiwa shimo alimpa Muhanga kichuguu kimoja, ale mchwa mpaka waishe. Bila shimo, hakuna kichuguu. Bila kichuguu, hakuna nguvu za kuchimba. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Nyika ya Vumbika.

Yeye na mkewe walikuwa na shimo lao. Loo, shimo lile! Milango mitatu. Chumba cha ndani kikavu, hata mvua inyeshe siku saba. Walilichimba kwa zamu misimu miwili, mume akichoka mke anashika. Na sasa Bi Muhanga alikuwa mjamzito. Mtoto angezaliwa mvua zikianza.

Muhanga alikuwa na tovuti pia. Ilikuwa ndogo, ya tayari, ile waliyopewa bure wanyama wote. Iliandikwa: Muhanga. Nachimba mashimo. Nipigie. Chini yake namba. Basi. Ukiigusa, imefunguka.

Asubuhi moja wanyama walikuwa bwawani wanakunywa maji. Fuko akatoa kichwa ardhini. Fuko naye ni mchimbaji, lakini mashimo yake ni ya juu juu.

"Kaka Muhanga!" akaita. "Tovuti yako na yangu ni pacha. Rangi ile ile, herufi zile zile. Mama yetu mmoja nini?"

Wanyama wakacheka. Kwa, kwa, kwa! Muhanga hakucheka. Alikunywa maji, akaondoka.

Nyuma yake akasikia chakacha, chakacha, chakacha. Alikuwa Nungunungu, ambaye kazi yake ni kuchora tovuti kwa miiba yake.

"Mzee Muhanga, shikamoo."

"Marahaba."

"Yule Fuko hana adabu. Lakini hakusema uongo. Tovuti yako ni nguo ya dukani. Imekatwa kwa ajili ya kila mtu, na wewe si kila mtu. Mimi nitakushonea yako, kwa kipimo chako."

"Wateja wataongezeka?"

"Wakiona tovuti nzuri, watajua na mashimo yako ni mazuri."

"Bei yake?"

Wakati huo walikuwa wamefika kwa Muhanga. Nungunungu akachungulia mlango wa kwanza. Akachungulia wa pili. Akachungulia wa tatu.

"Mimi sili mchwa," akasema. "Kichuguu hakinifai. Nataka shimo hili."

Muhanga akaugusa mlango wa kwanza kwa ukucha.

"Fikiri, mzee wangu. Sikuharakishi. Lakini wewe si mchimbaji? Kwaru, kwaru, umepata jingine."

Akaenda zake. Chakacha, chakacha.

Bi Muhanga alikuwa amesikia yote akiwa ndani. Akatoka.

"Mume wangu, ni mteja gani aliyekuambia anataka tovuti nzuri? Bweha?"

"Hapana."

"Chatu?"

"Hapana. Fuko amenicheka mbele ya watu."

"Fuko ni mteja?"

"Mke wangu, biashara huijui."

"Siijui. Najua mvua ziko karibu, na tumbo hili halingoji. Mtoto nitamzalia wapi?"

"Nitachimba jingine. Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni Muhanga," mkewe akasema. Akarudi ndani.

Muhanga akafikiri siku tatu. Siku ya kwanza akasema moyoni, silipi. Siku ya pili akasema, silipi. Siku ya tatu akaenda bwawani, na Fuko akaita, "Pacha wangu, hujambo!" Wanyama wakacheka, kwa, kwa, kwa! Muhanga hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja kwa Nungunungu.

"Nishonee," akasema.

Siku hiyo hiyo wakahama. Walihamia chini ya kichaka, kwenye kishimo cha kina cha goti. Ni cha muda tu, alisema Muhanga.

Mnanifuata?

Tunakufuata!

Sasa Nungunungu sitamsingizia. Hakuwa tapeli. Alifanya kazi mwezi mzima. Akampiga Muhanga picha, akachora, akafuta, akachora tena. Tovuti ikatoka. Ukiigusa, vumbi linapepea. Kisha jua linachomoza. Kisha kucha za Muhanga zinakua, zinakua, zinajaa kioo. Kisha jina linaandikwa, herufi moja moja. Nyika nzima ilisifu.

"Hii ndiyo tovuti!"

"Imemkaa kweli kweli!"

Muhanga mwenyewe hakuiona. Jicho lake halipatani na mwanga wa simu, huona ukungu tu. Lakini alisikia sifa, na sifa zikamtosha. Akakaa chini ya kichaka, akangoja simu.

Simu haikulia.

Chatu alitaka shimo jipya. Akaigusa tovuti ya Muhanga kwa ncha ya mkia. Kiduara kikazunguka. Zungu, zungu, zungu. Mtandao wa nyikani si wa mchezo. Kiduara kikazunguka mpaka Chatu akasinzia. Alipoamka akaigusa ya Fuko. Ikafunguka. Akampigia Fuko.

Bweha naye alitaka shimo, akavumilia. Aliliona vumbi, akaliona jua, akaziona kucha. Akatafuta namba. Haikuonekana, maana ilifichwa nyuma ya mlango wa tatu wa tovuti, isiharibu sura. Chini kabisa akaona: Imechorwa na Nungunungu. Hapo palikuwa na namba. Akapiga.

"Mimi sichimbi, ndugu Bweha," Nungunungu akamjibu kwa upole. "Lakini wewe tovuti unayo?"

Bweha akaagiza tovuti. Na Swala akaagiza. Na Mbuni akaagiza.

Muhanga akakonda. Akaenda kwa Nungunungu, akasimama nje ya mlango.

"Nirudishie ile ya zamani."

"Ile nimeifuta, mzee. Si ulisema huitaki?"

"Basi weka namba yangu juu, ionekane."

"Naweza. Lakini hiyo ni kazi nyingine, nayo ina bei yake. Una nini?"

Muhanga hakuwa na kitu.

Akajaribu kuchimba shimo la mkewe. Ardhi ilikuwa imekauka kama kigae, na tumbo lilikuwa tupu. Kwaru. Akapumzika. Kwaru. Akapumzika. Ukucha mmoja ukakatika. Akaketi.

Mvua ikaja. Pa. Pa. Papapapa! Mtoto akazaliwa adhuhuri, katika kishimo cha kina cha goti. Maji yakaingia. Yakafika tumboni mwa mama. Yakafika kifuani. Bi Muhanga akambeba mwanawe, akaenda kwenye shimo la milango mitatu. Muhanga akamfuata nyuma.

"Hodi!"

"Nani?" Nungunungu akauliza kutoka ndani.

"Bi Muhanga. Na mwanangu."

"Karibu, dada. Mtoto asinyeshewe. Ila tuelewane, hapa ni kwangu. Mtakaa chumba cha mlangoni. Na mzee atanichimbia chumba kimoja kila msimu, maana kazi zimenizidi, nimeajiri wasaidizi."

Mvua ilikuwa ikimpiga Muhanga mgongoni. Mkewe hakumtazama. Alingoja tu.

"Ndiyo, bwana," Muhanga akasema.

Mvua ilipokatika, akaja Bi Ngiri, mgeni kutoka ng'ambo ya vilima, amepanda juu kabisa kutafuta mtandao mpaka tovuti ikafunguka. Alikuwa na watoto wanne waliolowa. Shimo alilochimbiwa na Fuko lilikuwa limejaa maji. Akizunguka kutafuta, akamkuta mmoja amejaa tope, anazoa udongo kwenye mlango mmoja wa shimo la Nungunungu.

"Baba, namtafuta Muhanga mchimbaji."

"Ndiye mimi, mama."

Bi Ngiri akaitazama simu. Akamtazama yeye. Akaitazama simu tena.

"Usinitanie, baba. Watoto wanatetemeka. Muhanga ninaye hapa kwenye picha. Wewe ni kibarua tu."

Muhanga akaacha kuzoa.

"Hiyo picha sijaiona," akasema. "Anaonekanaje?"

"Kifua mbele. Amesimama kwenye shimo lenye milango mitatu." Bi Ngiri akawakusanya watoto wake, akageuka kuondoka. "Anaonekana mtu mwenye kwake."

Funzo lake halina mafumbo. Kabla hujalipia sura ya kazi yako, muulize anayekuja kwako anatafuta nini; usimuulize anayekucheka. Na nyumba ya mwanao usiifanye bei.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mwisho wa furaha sinao, na sitawatungia.