Rimu Iliyoteremka Mlimani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya wanyama kusema, ni ya juzijuzi tu, watu walipokuwa tayari wanavaa kandambili, palikuwa na shule ndogo juu ya milima ya Upare iliyoitwa Ighembeni. Shule ndogo kwelikweli: darasa la kwanza wakiimba irabu, darasa la saba wanakosea hesabu. Nipeni masikio yenu, maana mwisho wa habari hii mimi nitanyamaza na nyinyi ndio mtakaosema.

Shule ile haikuwa na kengele ya dukani. Ilikuwa na rimu ya lori, imening'inizwa kwa kamba ya katani kwenye tawi la mti uwanjani, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Kijiji kizima kiliishi kwa rimu ile. Ikilia asubuhi, ng'ombe wanatolewa zizini. Ikilia mchana, akina mama wanainjika maharage. Ikilia jioni, hata wazee wanaobishana kwenye bao wanakumbuka kwamba wana kwao.

Sasa kulikuwa na desturi. Kila Septemba, darasa la saba wakishamaliza mtihani na kile kipupwe cha mlimani kikianza kulegea, shule hufanya mahafali. Siku hiyo mgonga kengele anayehitimu humkabidhi nondo mmoja wa wadogo zake mbele ya wageni. Humchagua mwenyewe, mwalimu haingilii, mzazi haingilii. Sharti ni hili: ampe yule aliyeitendea kengele jema kuliko wenzake. Na mkono ni mmoja. Mwaka fulani walijaribu kuwapa wawili, kila mmoja akagonga kwa saa ya kichwani mwake, ng'ombe wakatolewa mara mbili na maharage yakaungua kila nyumba. Tangu hapo ikawa neno: nondo moja, mkono mmoja.

Mwaka ninaousimulia, nondo ilikuwa kwa Nakiete, binti mrefu asiye na maneno mengi. Aliipenda kazi yake. Muhula mzima alikuwa akijiuliza atampa nani, na jambo hilo lilikuwa likimnyima raha, kwa sababu nyumbani kwao alikuwapo mdogo wake wa kiume, Chediel wa darasa la tano, aliyeitaka nondo ile kufa na kupona. Alimwoshea dada yake vyombo bila kutumwa. Alimchotea maji. Nakiete alikuwa akimjibu neno moja tu, "Tutaona."

Asubuhi ya mahafali watoto walikuwa wakifagia madarasa. Chediel akaona uwanja u mtupu. Akasema moyoni, hebu nionje. Badala ya kuigonga rimu, kwa kuwa nondo hakuwa nayo, akaishika kwa mikono miwili akabembea. Kamba ikakatika. Rimu ikaangukia ukingo wake, ikasimama kidogo kama inayofikiri, kisha ikaanza safari. Na nyinyi mnaijua milima ya Upare: kitu cha mviringo hakina breki kule.

Watoto wakatoka mbio. Wote wakafuata njia kubwa, maana rimu ilionekana mara ya mwisho ikikata kona ya njia kubwa. Wote isipokuwa mmoja. Namsifu wa darasa la nne hakukimbia. Macho yake hayakuona mbali. Ubaoni alisomewa na jirani yake. Alisimama na ufagio wake akasikiliza. Akasikia chuma juu ya mawe. Akasikia majani makavu ya migomba. Kisha akasikia maji, na baada ya maji kimya.

Wenzake waliporudi wanahema, mikono mitupu, akawaambia, "Mmefuata njia, lakini yenyewe haikufuata njia. Imeingia ndivani."

"Umeiona wewe?" wakamuuliza, na wengine wakacheka.

"Sijaiona. Nimeisikia."

Nakiete hakucheka. Akawachukua Chediel na mtoto mmoja wa waliorudi wanahema, Niwaeli, wakateremka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee wa zamani ambamo maji ya mlimani hukusanywa usiku na kugawiwa mchana, kila shamba kwa zamu yake. Na kweli, rimu waliikuta. Ila waliikuta na mwenyewe.

Zamu ya asubuhi ile ilikuwa ya Bibi Naetwe. Ukingo wa mfereji wake utokao ndivani ulikuwa umebomoka, maji yakipotea porini, naye alikuwa akijaza udongo unaochukuliwa, anajaza unachukuliwa. Mara ikaja rimu kutoka juu, ikajipachika kwenye lile pengo, tope na majani yakaziba matundu yake, na maji yakanyooka kwenda kwenye maharage.

"Shikamoo Bibi," wakasema wote watatu.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kuniangalia nilivyobarikiwa?"

Nakiete akaeleza. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, sheria ya ndiva unaijua. Kinacholetwa na maji kwenye zamu yangu ni changu. Mwaka jana yaliniletea sufuria ya watu, nikapikia. Mwaka huu yameniletea hiki. Nikikitoa, zamu yangu inamwagika porini, na hadi irudi maharage yatakuwa kuni."

"Lakini Bibi, leo ni mahafali."

"Nami nitakuja. Maharage yakishakunywa."

Kungoja wasingeweza, wageni walikuwa wakianza kupanda mlima. Nakiete akasikia machozi yanamkaribia. Ndipo Niwaeli akauliza, "Bibi, ukipata kitu kingine cha kuziba?"

"Kitu gani, mjukuu wangu? Mawe ya ukubwa huo nimeshindwa kuyaviringisha."

Niwaeli alikuwa mtoto mwenye mwili. Tena siku hiyo ndiye aliyepangwa kughani shairi mbele ya mgeni rasmi. Alikuwa amelikariri tangu shule ifunguliwe, na mama yake alikuwa amempigia shati pasi ya mkaa tangu alfajiri. Alijitazama shati. Akamtazama Bibi. Kisha akaingia mferejini, wakaing'oa rimu, naye akakaa kwenye pengo kitako, mgongo ukiwa ndio ukingo. Maji yakampiga, yakageuka, yakaenda kwenye maharage.

Bibi Naetwe akamkagua huku na huku. "Anaziba vizuri kuliko rimu," akasema. "Haya, ichukueni."

Ikabaki kuipandisha. Juu mlimani Mwalimu Mrutu alikuwa akimwita Nakiete apokee wageni, kwa hiyo akatangulia, akamwacha Chediel na rimu. Chediel akaiviringisha, ikamrudia. Akaiviringisha tena, ikamrudia tena. Mwishowe akaibeba mgongoni kwenye kijia cha mbuzi, anapanda, anaketi, analia kidogo, anapanda. Alipofika uwanjani magoti yalikuwa yamechubuka na mgeni rasmi alishatazama saa yake zaidi ya mara moja.

Mwalimu Mrutu akamshika bega. "Hongera, kijana. Kamba ile ilikuwa imechoka siku nyingi."

Hapo Chediel angenyamaza tu. Hakuna aliyemwona akibembea, hakuna aliyemuuliza. Lakini akaitua rimu chini akasema mbele ya wageni wote, "Kamba haikuchoka, Mwalimu. Nilibembea."

Kisha rimu ikatundikwa kwa kamba mpya, Nakiete akaigonga mara yake ya mwisho, na ng'ombe wa bondeni wakainua vichwa. Zikaimbwa nyimbo, yakatolewa maneno. Zamu ya shairi ilipofika, hapakuwa na wa kughani, wakaliruka. Niwaeli alifika watu wakiwa tayari wanagawiwa pilau, anachuruzika tope tangu shingoni hadi viatuni, ameshikwa mkono na Bibi Naetwe.

Ndipo Mwalimu Mrutu akasema, "Nakiete, kabidhi."

Nakiete akasimama katikati na nondo yake, akawaita Namsifu, Niwaeli na Chediel. Akasema, "Kila mmoja aseme, nisikie."

Namsifu akasema, "Wote mlikimbia, mimi nikasikiliza. Bila mimi mngekuwa bado mnaitafuta kwenye njia kubwa. Na kengele, dada Nakiete, ni kitu cha masikio. Apewe mwenye kuisikia."

Watu wakasema, kweli.

Niwaeli akasema, "Namsifu alijua ilipo, lakini kujua si kupata. Ilikuwa mikononi mwa mwenyewe. Mimi nilitoa shati langu, na nilitoa shairi langu, na mama yangu alikuja kulisikia hakulisikia. Kengele hii imelipiwa, na aliyelipa ni mimi."

Watu wakasema, kweli. Na Bibi Naetwe akaongeza bila kuulizwa, "Tena mjue kwamba shule sikuipa kitu. Nilimpa mtoto huyu. Rimu ilikuwa yangu kwa sheria ya ndiva."

Chediel akawa wa mwisho. Akasema, "Kama si mimi isingeanguka, hilo nimelisema. Lakini kama si mimi isingepanda. Hawa wawili walipomaliza kazi yao, kengele ilikuwa bado bondeni. Na kosa langu hakuna aliyelijua. Nimelileta mwenyewe kama nilivyoileta rimu. Anayegonga kengele anaaminiwa na kijiji kizima. Mimi nimeogopa kusema, na nimesema."

Watu wakasema, kweli. Wengine wakaguna kwamba aliyemwaga maji hapewi tuzo kwa kuyafuta. Wengine wakajibu kwamba wanaomwaga ni wengi, wanaofuta hadharani mnawajua wangapi?

Nakiete aliitazama ile nondo. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele, na macho ya mama yalikuwa yakisema jina moja. Akafikiri: nikimpa Chediel, watasema damu ni nzito. Nikimnyima, je, nitakuwa nimemnyima kwa sababu hakustahili, au kwa sababu ni ndugu yangu nami naogopa midomo ya watu? Moyo ulimuuma kweli. Alimpenda mdogo wake, na siku hiyo alimpenda zaidi kuliko siku zote alizomwoshea vyombo. Lakini alimwona Niwaeli anavyotetemeka kwa baridi na hajalalamika, na alimwona Namsifu ameinamisha kichwa upande, akisikiliza hatua zake zitaelekea wapi.

Akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mkono wenye nondo.

Mimi hapo ndipo ninapokomea. Msiniambie wagonge kwa zamu, habari ya maharage kuungua mmeisikia. Msiniambie mwalimu aamue, desturi imemfunga mdomo. Mmoja aliyesikia, mmoja aliyetoa, mmoja aliyebeba na kukiri. Na dada mmoja mwenye nondo moja, kijiji kizima kikimtazama. Haya, wewe uliyekuwa unacheka tangu mwanzo, simama useme: ungekuwa Nakiete, mbele ya mama yako, ungeiweka mkononi mwa nani?