Ngedere na Kamba ya Mama Yake

Nikisema paukwa, semeni pakawa, tena kwa pamoja, maana ngano ya leo ina huzuni na sitaki kuibeba peke yangu. Paukwa! Haya. Mikono ichambue mchele, masikio yaje kwangu.

Hapo zamani, zamani sana, kila mnyama alikuwa na kamba yake ya ukindu. Akizaliwa, mama yake alimfungia fundo la kwanza. Akikua alijifungia mwenyewe. Akiugua akapona, fundo. Akioa, fundo. Akifiwa, fundo. Mpaka anazeeka, kamba imejaa.

Siku akifa, Bi Hondohondo, mwimbaji wa mbolezi, aliipapasa kamba ile toka fundo la kwanza hadi la mwisho, akaimba maisha ya marehemu kama yalivyokwenda. Akiimbiwa hivyo, mjukuu wake hupewa jina lake. Asipoimbiwa, jina huzikwa naye. Ndiyo mila waliyoikuta.

Basi palikuwa na Ngedere na mama yake, Bi Kidawa. Mama alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mke wa Ngedere alikuwa mjamzito, na bibi yule alitaka kitu kimoja tu duniani, mtoto huyo aitwe Kidawa.

Ngedere alikuwa ametoka safari, ng'ambo ya msitu. Alirudi na kofia kubwa na maneno makubwa kuliko kofia. Alisema huko alikotoka mambo ya mpangilio yamepitwa na wakati, na kwamba kitu kikiwa na maana basi uzuri wake umeshaharibika. Mimi ni mtu wa zamani, sielewi. Nasimulia tu.

Siku ya kwanza alichukua chungu kilichotoboka, akakipindua juu ya kichuguu, akawaita wanyama waje wakitazame. Wakaja, wakatazama. Nyati hakuelewa. Nguchiro hakuelewa. Lakini hakuna aliyetaka kuitwa mshamba, wakasema ni kizuri mno. Bi Hondohondo akauliza kama kinapika. Akaambiwa hakipiki. Akauliza kama kinateka maji. Akaambiwa hakiteki.

"Kumbe na mimi ni fundi na sijijui," akasema. "Vya namna hiyo ninavyo vitano nyuma ya jiko."

Wakacheka, na Ngedere mwenyewe akacheka. Mpaka hapo hakuna aliyeumia.

Siku ya pili alileta kamba yake mwenyewe. Akaikata fundo moja moja, akatia mafundo kofiani, akatikisa, akawa anachomoa bila kutazama, huku akiimba kila lililotoka. Nilioa, nikaota meno. Nikavunjika mguu, nikazaliwa. Wanyama wakavunjika mbavu kwa kicheko. Akawafundisha kupiga makofi kila asipoeleweka. Bi Hondohondo akamwambia kamba ni yake, akitaka kujipoteza na ajipoteze.

Siku ya tatu wanyama walitaka zaidi, na kamba yake ilikuwa imekwisha. Ngedere akaingia kwa mama yake, akamkuta amelala, akaivuta kamba chini ya mkeka. Akaenda akaikata mbele ya watu, akatikisa, akaimba. Siku hiyo makofi yalizidi.

Bi Kidawa alipoamka aliitafuta kamba yake kwa mkono, hakuiona. Ngedere akamwambia ukweli.

"Mwanangu," mama akasema, "sasa utanizika na nini?"

"Usiwe wa kizamani, mama. Mafundo yote yamo kofiani, hakuna hata moja lililopotea."

Bi Kidawa akageukia ukutani. Baada ya siku tatu akafa.

Hapo ndipo akili ilipomrudia Ngedere. Akamwaga mafundo chini ayaunge upya. Mafundo ya njaa yalikuwa matatu, hakujua ipi ilitangulia. Ya misiba yalikuwa manne, hakujua nani alikufa kwanza. Mama alikuwa hai miaka yote hiyo naye hakuwahi kumuuliza. Akamwendea Bi Hondohondo kwa magoti. Bibi akapapasa, akasema kila fundo analitambua, lakini mpangilio alikuwa nao Bi Kidawa peke yake.

Maiti haingoji. Bi Hondohondo akasimama kaburini, akatia mkono kofiani, akaimba kilichotoka.

"Akazeeka, akazaliwa. Akafiwa na mume, akaolewa. Akamzika mwanawe, akamzaa."

Wanyama wakapiga makofi. Ndivyo walivyofundishwa. Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini.

Ngedere akawaomba wanyamaze. Akawaambia huyu ni mama yangu. Wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga zaidi. Akalia, akagaagaa kwenye udongo wa kaburi, nao wakaambiana kwamba leo Ngedere amejishinda mwenyewe. Bi Hondohondo hakuweza kuendelea. Nasikitika hata kulisema.

Mtoto akazaliwa mwezi uleule, wa kike. Akaitwa jina jingine. Nimelisahau.

Wanangu, kipya kitazameni, kichekeeni, hata kichezeeni. Lakini kamba usiyoifunga wewe usiikate, maana kukata ni kazi ya asubuhi moja na aliyeifunga hakai milele. Majuto ni mjukuu.

Ngano nimeitoa kinywani, sasa iko kwenu. Anayeirudia kesho aanze mwanzo, amalize mwisho.